Jinsi ya Kuwa Bingwa Bobezi wa Uvimbe Mgumu wa Ubongo na Mwanataaluma: Mwongozo Kamili

Kila mwaka wanahitimu madaktari wa upasuaji wa ubongo wenye akili na mikono mizuri, wakiwa na nia ya kubobea kwenye uvimbe mgumu huku wakifundisha na kutafiti chuoni. Miaka michache baadaye wengi wao wanakesha wakifungua mafuvu ya majeruhi wa bodaboda, hawajaandika hata makala moja, na mgonjwa mwenye uvimbe mgumu bado anaandikiwa rufaa ya India.

Tatizo si uvivu, bali mpangilio. Wanatanguliza safari ya nje na vifaa vya gharama, ambavyo zamu yake ilikuwa baadaye, na wanaacha kabisa kumbukumbu za wagonjwa wao, ambazo zilipaswa kuanza mwezi wa kwanza wa mafunzo.

Mwongozo huu ni wa daktari wa Afrika Mashariki aliye kwenye mafunzo ya ubingwa au anayekaribia kuyaanza. Ninaposema uvimbe mgumu nina maana ya ule ulio kwenye kitako cha fuvu, uliokumbatia mishipa ya damu au ya fahamu, ulio jirani na sehemu za ubongo zinazoongoza usemi na mwendo, ulio kwenye shina la ubongo, au uliorudi baada ya kutolewa.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye nenosiri na diski ya nje iliyofungwa kwa msimbo, ya kuhifadhia picha za MRI na CT zikiwa faili kamili. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu haikusaidii kupima wala kulinganisha.
- Jedwali la rejista. Excel inatosha kuanzia. Chuo chako kikiwa na REDCap, programu ya kukusanyia data za utafiti, tumia hiyo.
- Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti ya chuo au hospitali yako.
- Koleo mbili nyembamba za upasuaji mdogo, kishikio cha sindano, mkasi mdogo na uzi wa nailoni namba 10-0. Uzi uliopita muda wake unafaa kabisa kwa mazoezi.
- Darubini yoyote inayowaka. Ile ya zamani ya idara ya macho au ya masikio inatosha.
- Mwalimu mmoja hapo hapo ulipo, na mwingine wa nje atakayesoma kazi yako bila kukuonea haya.
- Nusu siku moja kwa wiki ambayo mkuu wa idara ameikubali kwa maandishi kuwa ya utafiti. Asipoiandika, zamu zitaimeza.

## Hatua ya 1: Chagua kituo cha mafunzo kwa maswali, si kwa jina

Baada ya shahada ya udaktari (miaka 5 Tanzania, 6 Kenya) na mwaka wa mafunzo kwa vitendo, njia ziko kadhaa. Unaweza kusoma ubingwa Chuo Kikuu cha Nairobi, au MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili) ikishirikiana na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), au ukapita njia ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho hukufundishia ndani ya hospitali iliyoidhinishwa. Hesabu takriban miaka 5 au 6.

Kabla ya kujaza fomu, tembelea wodi uulize maswali manne. Darubini ya upasuaji inafanya kazi leo? Nani anasoma sampuli za uvimbe, na majibu yanatoka baada ya siku ngapi? Je, kuna kikao cha kila wiki cha kujadili vifo na madhara ya upasuaji? Na mwanafunzi wa mwaka wa 3 anashika kisu au anashika taa?

Waulize wanafunzi, usiwaulize wakuu peke yao. Wanafunzi ndio wanaojua darubini iliharibika lini.

Umefanikiwa ukiwa: una kituo chenye wagonjwa wa kutosha na angalau mwalimu mmoja anayetoa uvimbe mara kwa mara, hata kama jengo lake halivutii.

## Hatua ya 2: Fungua rejista mwezi wa kwanza

Hapa ndipo wengi wanaanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Upasuaji wa uvimbe umekua kwa kufuatilia wagonjwa baada ya kushonwa. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji wa ubongo Donald Simpson alichapisha matokeo ya wagonjwa wa meninjioma, yaani uvimbe unaoota kwenye utando wa ubongo, akayapanga kwa madaraja matano kulingana na kiasi cha uvimbe na mzizi wake kilichotolewa. Daraja la kwanza lilirudi kwa takriban asilimia 9, la pili asilimia 19, la tatu asilimia 29. Mpaka leo ukiingia chumba chochote cha upasuaji wa ubongo duniani utasikia madaktari wakitaja daraja la Simpson. Kilichomwezesha ni kujua kila mgonjwa alipoishia.

Kila mgonjwa wa uvimbe apewe mstari mmoja kwenye jedwali. Weka safu hizi:

- namba ya utambulisho badala ya jina, umri, jinsia na wilaya anayotoka;
- tarehe dalili zilipoanza, tarehe ya picha ya kwanza, tarehe aliyofika kwenu;
- mahali uvimbe ulipo na vipimo vyake vitatu kwa milimita;
- alama ya Karnofsky (0 hadi 100, ya uwezo wa mgonjwa kujihudumia) kabla ya upasuaji, anaporuhusiwa, siku ya 30, mwezi wa 6 na mwaka;
- lengo la upasuaji lililoandikwa kabla ya kuingia chumbani: kuchukua sampuli, kupunguza, au kutoa wote;
- kiasi kilichobaki kwa mujibu wa picha, damu iliyopotea, madhara;
- jibu la patholojia (uchunguzi wa sampuli maabara) na tarehe lilipotoka;
- tarehe ya kuanza tiba ya mionzi, kama aliihitaji.

Safu ya lengo ndiyo itakayokufundisha kuliko zote. Daktari akishamaliza upasuaji, ni rahisi kusema "nilitaka kupunguza tu". Lengo likiwa limeandikwa asubuhi, jioni utajua kama ulifika ulikokusudia.

Na tarehe ya mionzi isikupite. Kwa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa kuongeza dawa ya temozolomidi kwenye mionzi kulisogeza muda wa kati (median) wa kuishi kutoka miezi 12.1 hadi 14.6. Ni miezi michache kwelikweli. Kwa hiyo mgonjwa uliyemfanyia upasuaji mzuri, kisha akasubiri miezi mitatu kupata nafasi ya mionzi, amepoteza kile ulichompa. Kama tatizo hilo lipo hospitalini kwako, rejista ndiyo itakayolithibitisha mbele ya uongozi.

Sasa jambo dogo lenye uzito: namba za simu. Usichukue moja. Chukua ya mgonjwa, ya mtu anayeishi naye, na ya ndugu asiyehama, kwa mfano mwalimu, mwenye duka au kiongozi wa dini wa eneo lao. Ziandike kwenye faili lake la hospitali, tofauti na rejista. Wagonjwa hubadilisha laini, huhamia kwa watoto wao, au hurudi kijijini. Mtu akikosekana kliniki, piga simu wiki hiyo hiyo. Mwezi ukipita, kumpata kunakuwa kazi ya upelelezi.

Tahadhari: majina, namba za simu na picha za sura haziingii kwenye rejista. Kundi la WhatsApp la idara si mahali pa kutunzia MRI ya mtu. Na usianze kukusanya kwa ajili ya utafiti kabla kibali cha maadili hakijatoka. Majarida yatakuuliza namba yake.

Umefanikiwa ukiwa: mtu akikuuliza ghafla, "wagonjwa wa meninjioma wa mwaka jana wako wapi?", unajibu kwa kufungua jedwali, na waliopotea kwenye ufuatiliaji ni wachache unaoweza kuwataja sababu zao mmoja mmoja.

## Hatua ya 3: Fundisha mkono nje ya chumba cha upasuaji

Mgonjwa si mahali pa kujifunzia kutulia kwa mkono. Nunua mabawa ya kuku sokoni. Ndani ya bawa, ukifuata mfupa wa juu, utakuta mshipa wa damu wenye upana wa karibu milimita 1, ambao ni saizi ya mishipa mingi utakayoikuta imebanwa na uvimbe.

Weka bawa chini ya darubini. Chana ngozi, utenge mshipa na nyama pamoja na neva iliyo kando yake bila kuvichana, kisha ukate mshipa katikati na kuunga ncha zake kwa uzi wa 10-0. Uzi huo una unene wa takriban sehemu mbili za mia za milimita; ukipumua vibaya unapotea machoni. Weka mishono kama minane kuzunguka mshipa. Ukimaliza, sukuma maji yenye rangi kwa bomba la sindano na uangalie panapovuja.

Wengi hushona haraka na kuruka ile kazi ya kutenga. Hilo ni kosa, maana kwenye uvimbe mgumu ni nadra kushona mshipa, lakini kila siku utautenga mshipa na uvimbe uliouganda. Kwa anayetaka uvimbe, kutenga ndilo zoezi lenyewe.

Zoezi la pili ni la drili: chukua yai bichi, sugua ganda kwa kichwa cha almasi hadi ganda liondoke na utando wa ndani ubaki mzima. Ukiweza kufungua dirisha la sentimita moja bila utando kupasuka, mkono wako uko tayari kusogea karibu na utando wa ubongo chini ya jicho la mwalimu.

Kaa vizuri: viwiko viegemee, mikono ya chini itulie juu ya meza, miguu yote sakafuni. Ukiona mkono unatetemeka, angalia kwanza mkao wako.

Umefanikiwa ukiwa: mabawa matatu mfululizo hayavuji, na neva iliyo kando ya mshipa haina jeraha.

## Hatua ya 4: Chagua aina moja ya uvimbe, kisha panda ngazi

Anayesema "mimi nafanya uvimbe wote" hajasema kitu kwenye usaili wa chuo. Chagua aina ambayo kituo chako kinaiona kwa wingi. Kwetu meninjioma kubwa zilizochelewa ni nyingi, na uvimbe wa tezi ya pituitari wenye kupofusha macho nao ni mwingi. Kuchelewa huko kunatuumizia wagonjwa, lakini pia kunatupa maswali ambayo wenzetu wa Ulaya hawayaoni kila siku.

Kwa meninjioma, ngazi ni hii: anza na iliyo juu ya ubongo chini ya fuvu, nenda kwenye iliyo kando ya mfereji mkuu wa damu wa katikati, kisha ya ukingo wa mfupa wa sfenoidi, halafu ya mahali mishipa ya macho inapopita. Ile iliyo kati ya mfupa wa petrosi na shina la ubongo iwe ya mwisho, na usiifanye peke yako.

Usiruke daraja kwa sababu mgonjwa amekuja na mkuu yuko safarini. Uvimbe wa aina hii mara nyingi umekua kwa miaka. Wiki mbili za kumsubiri mwalimu kwa kawaida hazibadilishi kitu, mradi mgonjwa hana dalili za shinikizo kubwa kichwani.

Umefanikiwa ukiwa: kwenye kila daraja, madhara uliyoyaandika kwenye rejista yanalingana na ya mwalimu wako kabla hujapanda linalofuata.

## Hatua ya 5: Jenga timu kabla ya kununua vifaa

Dai darubini mpya baada ya kupata watu wafuatao.

Mtaalamu wa usingizi aliyekubali kukaa na wewe kwa kesi zote za uvimbe, maana ubongo uliovimba mezani unategemea kazi yake kuliko kisu chako. Mwanapatholojia anayekupigia simu. Muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji anayejua mpangilio wako wa vifaa. Daktari wa ICU anayejua mgonjwa wako anakuja saa ngapi. Mtaalamu wa mionzi na saratani, kwa Dar es Salaam ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwa Mwanza ni Bugando.

Waweke mezani mara moja kwa wiki, saa ile ile, hata kama mgonjwa ni mmoja. Picha ionyeshwe, lengo lisemwe, maamuzi yaandikwe. Kwa kuwa tangu toleo la mwaka 2016 la uainishaji wa WHO aina nyingi za glioma (uvimbe wa seli tegemezi za ubongo) hutajwa kwa vipimo vya vinasaba kama IDH na 1p/19q, kaeni mkubaliane mapema: vipimo gani mnavyo, vipi vinatumwa nje, nani analipa, na vipande vya sampuli vinatunzwa wapi.

Tahadhari: MRI ya baada ya upasuaji ifanyike ndani ya saa 48 hadi 72. Baada ya hapo kidonda chenyewe huanza kung'aa kwenye picha, na hutajua kama unaona uvimbe uliobaki au kovu. Kama mashine ina foleni, omba nafasi kabla ya siku ya upasuaji.

## Hatua ya 6: Jifunze kutofungua fuvu

Hii ndiyo sehemu ya ubingwa isiyoandikwa kwenye tangazo lolote, na ninaiona kuwa nzito kuliko zote.

Kabla ya kusema ni saratani, kumbuka ulipo. Tuberkuloma, yaani donge la kifua kikuu ndani ya ubongo, inaweza kufanana kabisa na uvimbe kwenye MRI. Toksoplasmosi, maambukizi ya kimelea, kwa mgonjwa wa VVU vilevile. Kipimo cha VVU, picha ya kifua na historia ya kikohozi viwe mezani kabla ya ratiba ya upasuaji. Na picha ikikupa shaka ya limfoma (saratani ya chembe za kinga), mgonjwa akiwa ametulia, usimwanzishie deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, kabla ya kuchukua sampuli. Dawa inaweza kuuyeyusha uvimbe na sampuli ikarudi bila jibu. Mgonjwa anayezidiwa na shinikizo la ubongo ni jambo jingine, huyo mpe.

Kisha swali la pili: hata kama unaweza kuutoa wote, je, mgonjwa atabaki na nini? Shwanoma, yaani uvimbe wa ala ya neva, ya mshipa wa fahamu wa usikivu ikiwa imeuganda mshipa wa fahamu wa uso, kipande chembamba kilichoachwa makusudi na kufuatiliwa kwa picha mara nyingi ni bora kuliko mama wa miaka 35 asiyeweza kufumba jicho maisha yake yote. Chumba kizima kitakuona umeacha kazi nusu. Waeleze kwa nini.

Na familia ielezwe kabla. Kaa kitini, simu izimwe. Muulize mgonjwa anataka nani awepo. Usidhani kwamba kila mara ni mume au kaka mkubwa. Sema kwa lugha ya kawaida uvimbe uko wapi, unataka kufanya nini, jambo baya linaloweza kutokea ni lipi, na ukishindwa utafanya nini. Halafu mwombe ndugu mmoja akusimulie alichoelewa. Akisema "kwa hiyo atapona kabisa" wakati hukusema hivyo, anza upya bila kukasirika.

Umefanikiwa ukiwa: kwenye rejista kuna wagonjwa ambao hamkuwafanyia upasuaji, sababu zimeandikwa, na mnawafuatilia kama wengine.

## Hatua ya 7: Andika makala kutoka wodini

Mfano bora tunao jirani. Huko Mbale, Uganda, kwenye hospitali ya watoto ya CURE, Benjamin Warf aliona watoto wenye vichwa maji wakiwekewa mirija ambayo ikiziba, familia iko mbali na daktari wa kuirekebisha. Akaunganisha njia ya kutoboa sakafu ya chemba ya tatu ya ubongo kwa endoskopu (bomba jembamba lenye kamera) na kuunguza tishu zinazotengeneza maji, akachapisha matokeo mwaka 2005. Mwaka 2017 jaribio la nasibu la watoto 100 lililofanyika hapo hapo Mbale, likilinganisha njia hiyo na mirija, lilichapishwa kwenye New England Journal of Medicine. Si uvimbe, lakini njia ni hiyo hiyo: tatizo la wodini, rekodi safi, na subira.

Anza na swali moja ambalo rejista yako inaweza kulijibu. Kwa mfano: mgonjwa wa meninjioma anachukua muda gani tangu dalili ya kwanza hadi upasuaji, na kuchelewa huko kunahusianaje na kupoteza uwezo wa kuona? Mtafute mtakwimu kabla ya kukusanya, si baada. Kubalianeni mapema nani ni mwandishi wa kwanza, hasa mkishirikiana na chuo cha nje. Data ikitoka kwenu, jina la kwanza au la mwisho liwe la kwenu.

Makala ya mgonjwa mmoja adimu ni mazoezi mazuri ya kuandika, ila mbili zinatosha. Jarida likikuandikia barua pepe yenye sifa nyingi na kukuahidi kuchapisha ndani ya wiki moja kwa malipo, lifute.

## Hatua ya 8: Nenda nje ukiwa na orodha

Sasa ndiyo zamu ya safari. Ukienda mapema utarudi na picha za vifaa ambavyo hospitali yako haina.

Uliza kwanza kama utashika mgonjwa. Marekani, mtazamaji haruhusiwi kugusa; nafasi ya kushiriki kwa kawaida inadai cheti cha ECFMG, kinachothibitisha madaktari waliosoma nje ya Marekani. Uingereza unahitaji usajili wa GMC, baraza la madaktari la huko. Kituo cha Rabat, Morocco, kinachotambuliwa na shirikisho la dunia la madaktari wa upasuaji wa ubongo (WFNS), kimekuwa kikifundisha Waafrika tangu mwaka 2002, na mazingira yake yanafanana zaidi na yetu. Miezi sita unayoshika kisu ina thamani kuliko mwaka wa kusimama nyuma ya bega la mtu maarufu.

Chukua mambo matatu ya kujifunza, yaliyotoka kwenye safu ya madhara ya rejista yako. Kabla ya kupanda ndege, pata barua ya mwajiri inayosema utarudi kwenye nafasi ipi na siku ngapi za chumba cha upasuaji. Ukiweza, mtaalamu wako wa usingizi au muuguzi naye aende, hata kwa wiki chache, kwa sababu upasuaji wa mgonjwa aliye macho hauanzishwi na mtu mmoja.

## Hatua ya 9: Panda ngazi ya chuo na ufundishe

Kupanda kutoka Mhadhiri hadi Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki na Profesa kunahesabiwa kwa makala, ufundishaji na wanafunzi uliowasimamia. Soma kanuni za chuo chako mwaka unaoajiriwa, na tunza faili la ushahidi kila muhula. Kulitafuta baada ya miaka minne kunachosha.

Mpe mwanafunzi mmoja kila mwaka sehemu ya rejista kuwa tasnifu yake. Chumbani, mpe sehemu ya upasuaji unayojua anaweza, usimame karibu, na umwache amalize. Ukichukua kisu kila anaposita, hatajifunza kusita mahali panapostahili.

Umefanikiwa ukiwa: uko likizo, meninjioma ya ukingo wa sfenoidi imefika, kikao kimekaa, mwanafunzi wako wa zamani ameitoa, na mstari wa mgonjwa huyo umejazwa siku hiyo hiyo bila wewe kupigiwa simu.